Kiongozi Akitoka, Mradi Ubaki

Mazungumzo kwa kamati za miradi ya maji, vikundi vya misitu na mashirika ya kijamii, Timau, Kaunti Ndogo ya Buuri Magharibi

Mazungumzo haya yanahusu uongozi wa miradi isiyotafuta faida. Miradi hiyo ni mingi katika Kaunti ya Meru, na sehemu kubwa ya maisha ya kila siku huitegemea.

Januari ikifika, mvua za mwisho wa mwaka zimekatika. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, ukiwemo Timau, Ngusishi, Sirimon na Ontulili, huanza kupungua. Viazi vinataka maji, ng'ombe wanataka maji, mashamba ya maua yanataka maji, na watu walio chini, huko Isiolo na Samburu, wanangoja Ewaso Ng'iro iwafikie. Hapo ndipo uongozi wa mradi wa maji hujulikana. Mvua ikinyesha, kila mwenyekiti ni mzuri. Kiangazi ndicho kinachouliza: ni nani anayefungua bomba, ni nani anayefunga, na kwa amri ya nani?

Swali hilo ni zito zaidi katika mradi wa kijamii kuliko katika biashara. Kampuni ikiongozwa vibaya hupata hasara, na wenye hisa huiona hasara hiyo kwenye hesabu za mwaka. Mradi wa kijamii hauna mizani ya namna hiyo. Hasara yake huonekana kwa mama aliyelipa kiingilio, akachimba mtaro kwa jembe lake siku za kazi ya pamoja, na miaka michache baadaye bado anabeba mtungi kutoka mtoni kwa sababu mfereji wa nyumbani mwake umekauka. Mama huyo hana hisa za kuuza wala soko la kumrudishia fedha zake. Alichonacho ni haki ya kuuliza maswali mkutanoni. Uongozi ukiifunga haki hiyo, hakuna kilichobaki.

Aina za uongozi

Watu wengi husema kwamba kiongozi huzaliwa. Huenda pana ukweli kidogo hapo, lakini namna ya kuongoza hufunzwa na huchaguliwa. Mwaka 1939 mtaalamu wa saikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya huko Iowa, Marekani. Walikusanya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi katika vikundi vya kazi za mikono, miongoni mwake kutengeneza vinyago vya uso. Vikundi viliongozwa kwa namna 3 tofauti. Katika namna ya kwanza, kiongozi aliamua kila kitu na kuamrisha. Katika ya pili, kiongozi alijadiliana na wavulana, wakaamua pamoja. Katika ya tatu, kiongozi aliwaachia wafanye walivyotaka.

Waliokuwa chini ya amri walifanya kazi kwa bidii kiongozi akiwa mbele yao. Jambo la kuangaliwa ni lililotokea kiongozi alipotoka chumbani. Wavulana wa amri walilegea, kazi ikashuka. Wale waliozoea kuamua pamoja waliendelea karibu kama kawaida, kwa kuwa kazi ilikuwa yao. Walioachiwa tu walifanya kazi kidogo kuliko wote.

Jaribio hilo lilikuwa la watoto na la mbali, lakini swali lake linaingia kila ofisi ya mradi hapa Timau: mwenyekiti akitoka chumbani, kazi inaendelea au inasimama? Mwenyekiti anaweza kutoka kwa njia nyingi. Anaweza kuugua, kuhamia mjini, kugombea kiti cha uwakilishi wadi, au kuchoka. Siku moja lazima atoke. Basi kipimo cha uongozi wake ni hali ya mradi baada ya siku hiyo.

Hii haina maana kwamba amri ni mbaya wakati wote. Bomba kuu likipasuka usiku, hakuna mkutano wa kuitwa. Mtu mmoja anafunga valvu, mwingine anatumwa kwa fundi, na wengine wanatii. Moto ukiingia msituni wakati wa kiangazi, anayejua njia huongoza na wengine hufuata. Dharura inataka sauti moja. Ubaya huanza dharura inapokwisha na sauti ikabaki moja. Mwenyekiti aliyezoea kuamua usiku wa bomba kupasuka huanza kuamua pia bei ya maji, kazi ya msoma mita, na nani aunganishiwe bomba kwanza.

Kuachia nako kuna mahali pake. Fundi mzoefu hahitaji kusimamiwa kila anapokaza nati. Katibu anayejua kazi yake aachwe aandike. Lakini kamati nyingi huachia kwa sababu ya uvivu au woga. Mwanachama mwenye jina kubwa hajalipa bili miezi 8, na hakuna anayethubutu kumwambia. Wanachama wengine wanaona, nao wanaacha kulipa. Uongozi wa namna hiyo huitwa upole, lakini mwisho wake ni mifereji mikavu.

Uongozi wa kushirikisha ndio unaofaa kwa mambo ya kudumu: bei, zamu, adhabu, uchaguzi na matumizi ya fedha. Unachukua muda na unachosha. Mkutano wa asubuhi unaweza kufika jioni. Hata hivyo, zamu iliyokubaliwa na watu wenyewe huwa na walinzi wengi kuliko ile iliyobandikwa ukutani na mtu mmoja.

Mwanzilishi na kivuli chake

Miradi mingi mizuri ilianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa. Kaunti ya Meru ina mfano unaojulikana sana. Katika milima ya Nyambene, mradi wa maji wa Tuuru ulijengwa chini ya uongozi wa bruda Mwitaliano wa shirika la Consolata, Giuseppe Argese, aliyefariki mwaka 2018. Wenyeji walimwita Mukiri, yaani mtu mkimya. Kazi ilianza kwa haja ya maji katika makao ya watoto walemavu pale Tuuru, ikakua hadi mabomba yakafika kwa watu wengi wa Igembe na Tigania. Maji yalikusanywa kutoka msitu wa Nyambene, ambao hukamata ukungu na kuudondosha ardhini. Jina alilopewa linatosha kueleza aina yake ya uongozi: maneno machache, kazi nyingi, na miaka mingi mahali pamoja.

Uongozi kama huo huvuta watu kwa mfano. Hata hivyo, kila mradi wenye mwanzilishi wa namna hiyo, popote ulipo, una swali la kujibu mapema: ujuzi uliomo kichwani mwake umeandikwa wapi? Ramani ya mabomba yaliyofukiwa iko kwenye karatasi au iko kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja? Vijana wangapi wamefundishwa kurekebisha inteki, pale maji yanapotoka mtoni na kuingia bombani? Wafadhili wanamjua nani zaidi ya mwanzilishi? Mwanzilishi mwenye hekima hujibu maswali haya akiwa bado na nguvu. Asiye na hekima huona kila anayeyauliza kuwa adui anayetaka kiti.

Hapo ndipo miradi mingi hufia. Mwanzilishi alijitolea kweli. Alilala ofisini, alitumia mafuta ya pikipiki yake, alikopa kwa jina lake. Baada ya miaka 15, anahisi mradi ni wake, na kwa namna fulani yuko sahihi kuhisi hivyo. Lakini wale waliochimba mitaro nao walijitolea. Heshima anayostahili mwanzilishi apewe hadharani, hata cheo cha mlezi au mshauri apewe. Asichopewa ni sahihi ya benki ya maisha.

Mto mmoja, watumiaji wengi

Uongozi hupata mtihani mgumu zaidi pale watu wasiolingana nguvu wanapotegemea kitu kimoja. Mto Ngusishi ni mfano wa karibu. Maji yake hutumiwa na wakulima wadogo kupitia miradi ya kijamii na pia na mashamba makubwa, yakiwemo ya maua. Upande huu wa Mlima Kenya, vyama vya watumiaji wa maji ya mto vilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Sheria ya Maji ya 2002 kuvitambua. Sheria ya Maji ya 2016 imeendelea kuvitambua. Kwa njia ya chama, mwenye ekari moja na mwenye shamba kubwa hukaa meza moja. Maji yakipungua, hugawana kwa zamu badala ya kila mmoja kuvuta awezavyo.

Elinor Ostrom, msomi Mmarekani, alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwaka 2009. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza jinsi watu wa kawaida katika nchi mbalimbali wanavyotunza maji, misitu na malisho ya pamoja bila kuyamaliza. Aliona kwamba vikundi vilivyodumu vina mambo yanayofanana. Wanachama wanajulikana na mipaka inajulikana. Kanuni zinalingana na hali ya mahali. Wanaofuata kanuni wana nafasi ya kuzibadilisha. Wasimamizi wanawajibika kwa wanachama. Adhabu huanza ndogo na kupanda polepole. Ugomvi una mahali pa karibu na pasipo gharama pa kusuluhishwa. Serikali inatambua haki ya watu kujipangia. Na palipo na eneo kubwa, vikundi vidogo huungana katika ngazi. Watafiti wamewahi kuipima miradi ya maji ya upande huu wa Mlima Kenya kwa kanuni hizo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016.

Jambo la adhabu linastahili kukaziwa. Kamati nyingi zina adhabu moja tu kwenye katiba: kukatiwa maji. Kwa kuwa ni kali mno, hakuna anayeitumia kwa jirani, shemeji au mshirika wa kanisa moja. Matokeo yake ni kwamba hakuna adhabu kabisa. Afadhali onyo la mdomo, kisha onyo la maandishi, kisha faini ndogo, kisha faini kubwa, na kukatiwa maji kuwe mwisho wa njia. Ngazi ya namna hiyo inampa mkosaji nafasi ya kurudi bila kuaibika, na inampa mwenyekiti nafasi ya kutenda bila kuonekana mkatili.

Kiti cha zamu

Mpango wa upandaji miti unaojulikana kama TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999 na kuingia Kenya mwaka 2004, una wakulima wengi katika Kaunti ya Meru. Wanachama wake hujipanga katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12, na vikundi hivyo huungana katika makundi makubwa zaidi. Unachofundisha kuhusu uongozi ni zamu. Katika kundi kubwa kuna kiongozi, kiongozi mwenza na msimamizi wa uwajibikaji. Muda wa kiongozi ukiisha, mwenza hupanda kuwa kiongozi, msimamizi hupanda kuwa mwenza, na mtu mpya huingia. Hakuna anayekaa daima, na hakuna anayeingia kwenye kiti bila kuwa karibu nacho kwanza.

Mpango huo una desturi nyingine, inayoitwa kujengana. Katika mkutano, wanachama humwambia kiongozi jambo jema mahususi waliloona katika uongozi wake. Mtu anaweza kudhani kwamba ni maneno ya kubembelezana. Lakini mtu wa kujitolea halipwi mshahara. Akisikia lawama tu mwaka mzima, ataacha, na atakayebaki ni yule anayepata kitu kingine kwa siri. Shukrani ya wazi ni sehemu ya ulinzi wa mradi.

Zamu ina hasara zake pia, nazo zisifichwe. Kiongozi mpya hupoteza miezi akijifunza. Kazi ya fundi, kwa mfano kusoma presha ya maji au kukarabati tangi, haiwezi kupokezana kila baada ya miezi michache. Kwa hiyo kuna busara katika kutenganisha mambo mawili. Kiti cha maamuzi kiwe cha zamu na cha kuchaguliwa. Kazi ya ufundi na ya uhasibu ipewe mtu mwenye ujuzi, kwa mkataba na malipo yanayojulikana, naye awajibike kwa kamati iliyopo.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi mwingi katika vikundi hauanzi na wizi. Huanza na risiti iliyokosekana. Mweka hazina alinunua viungo vya bomba Nanyuki, akalipa kwa simu, karatasi ikaloa mvua. Miezi 6 baadaye anaulizwa, hakumbuki, na jina lake linaanza kutajwa sokoni. Mtu mwaminifu ameharibiwa sifa kwa kukosa daftari la shilingi chache.

Kinga yake ni rahisi, na haihitaji elimu kubwa. Fedha za kikundi ziingie kwenye akaunti ya kikundi, zisiingie kwenye simu ya mtu. Sahihi za kutoa fedha ziwe zaidi ya moja, na wenye sahihi wasiwe wa nyumba moja. Kila malipo yawe na risiti, na kila risiti iwe na namba. Mapato na matumizi ya mwezi yabandikwe mahali ambapo mtu anayekuja kulipa bili atayaona. Mara moja kwa mwaka, watu wasio wa kamati wachaguliwe na mkutano mkuu kukagua vitabu, nao wasome ripoti yao wakiwa wamesimama mbele ya wanachama.

Kuna aina ya kiongozi anayechukia mambo haya kwa kudhani ni dalili ya kutoaminiwa. Ukweli ni kinyume. Daftari lililo wazi humlinda mwaminifu kwanza. Siku atakapotoka kwenye kiti, atatoka na jina lake.

Wafadhili na majirani wakubwa

Changamoto nyingine hutoka nje. Mfadhili anakuja na fedha, muda wa miaka 3, na fomu zake. Anataka kuona idadi ya matangi na idadi ya mafunzo. Kamati inaanza kumwajibikia mfadhili, na wanachama wanageuka watazamaji. Fedha zikiisha, matangi yapo lakini hakuna aliyepanga nani atayaosha. Kiongozi mzuri huuliza swali la mwisho mapema: siku mfadhili akiondoka, gharama ya mwezi italipwa na nani, na kwa kiasi gani? Ikiwa jibu halipo, ni heri mradi mdogo zaidi.

Ushirikiano na wakubwa unaweza kufanikiwa, na ushahidi uko njiani. Msafiri wa barabara ya Nanyuki kwenda Meru hupita juu ya njia ya chini kwa chini iliyojengwa kwa ajili ya tembo. Njia ya tembo yenye urefu wa takriban kilomita 14, inayounganisha msitu wa Mlima Kenya na Ngare Ndare pamoja na Lewa, ilihitaji wengi kukubaliana: Mount Kenya Trust, hifadhi ya Lewa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mashamba ya Marania na Kisima yaliyotoa ardhi. Kivuko hicho kilikamilika mwishoni mwa 2010, na tembo wakaanza kukitumia mwanzoni mwa 2011. Mwaka 2013 eneo la Lewa na Ngare Ndare liliongezwa katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya. Hakuna hata mmoja kati ya washirika hao ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo kwa kuamrisha wengine. Uongozi wa namna hiyo ni wa mazungumzo, na unataka mtu anayeweza kusikiliza mwenye shamba, mwenye tembo na mwenye mahindi yaliyokanyagwa, bila kumdharau yeyote.

Nani yuko chumbani

Nyumbani, maji huchotwa zaidi na wanawake na wasichana. Mkutanoni, mara nyingi anayezungumza ni mwanamume ambaye jina lake liko kwenye hati ya shamba. Kamati ikiwa na wanaume watupu, zamu hupangwa saa zinazofaa kumwagilia na kusahau saa za kupika. Hii ni hasara ya kazi, mbali na kuwa hasara ya haki.

Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwaamini wanawake wa vijijini kuotesha na kutunza miche bila vyeti vya misitu. Walilipwa kiasi kidogo kwa miche iliyoshika. Mpango huo ulikuwa na hekima ya uongozi ndani yake: malipo yalifuata mti ulio hai, hayakufuata idadi ya mashimo yaliyochimbwa wala hotuba zilizotolewa. Wangari alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011, na vuguvugu hilo bado lipo. Alitoka chumbani, na kazi ikaendelea.

Vijana nao wasiachiwe kubeba viti tu. Kijana anayejua kutumia kompyuta anaweza kuwa katibu msaidizi leo na kuandika orodha ya wanachama ambayo haijasahihishwa kwa miaka. Akikaa karibu na mzee aliyechimba mtaro wa kwanza, wote wawili watajifunza.

Sheria inasema nini

Mwananchi anayetaka kuuliza maswali ana mahali pa kusimama. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, na pia kazi ya kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala na kuzisaidia jamii kupata uwezo wa kujiendesha. Kwa maneno mengine, kuzijengea kamati za jamii uwezo ni wajibu wa kaunti, na wananchi wana haki ya kuuomba bila kuonekana wanaomba fadhila.

Vikundi vya kijamii vinaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na usajili hupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Kikundi kinatakiwa kuwa na katiba yake. Mashirika makubwa zaidi yasiyotafuta faida yana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baada ya kungojewa kwa zaidi ya miaka 10. Vyama vya watumiaji wa maji ya mto viko chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Sheria pekee haifungui mfereji. Kikundi kinaweza kuwa na cheti ukutani na ugomvi mezani. Hata hivyo, katiba iliyoandikwa na kusomwa na wanachama humpa mnyonge maneno ya kushika. Mama yule mwenye mtungi anaweza kusimama na kusema, bila kumtukana mtu, kwamba kifungu fulani kinataka mkutano mkuu kila mwaka na mwaka umepita.

Kazi ya kupeleka nyumbani

Kila kamati iliyo hapa inaweza kufanya jambo moja kabla ya kiangazi kijacho. Ichague wiki mbili ambazo mwenyekiti hatafanya lolote katika mradi. Asishike funguo, asipige simu, asitie sahihi. Makamu na wengine waendeshe kila kitu, na katibu aandike kila mahali kazi iliposimama. Labda itaonekana kwamba ni mwenyekiti tu anayejua valvu ya tatu iko wapi. Labda itaonekana kwamba fundi hulipwa kutoka mfukoni mwake. Labda itaonekana kwamba wanachama wa bonde la chini hawana namba ya simu ya mtu mwingine yeyote.

Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano wa wanachama, na kila pengo lipewe mtu wa kuliziba na tarehe ya kulimaliza. Mwenyekiti asione kwamba amejaribiwa. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hufurahi akikuta kwamba kitu alichokabidhiwa kinaweza kusimama bila mkono wake. Januari itakuja tena, mito itapungua tena, na aliye mwisho wa bomba atafungua mfereji wake asubuhi kuona kama kuna maji. Atakachokiona hapo ndicho ripoti ya kweli ya uongozi.